Mpaka wa Tarakimu: Habari za Sehemu za Mfululizo

Namba isiyo na mwisho yaweza kuandikwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ifundishwayo shuleni, ya tarakimu kumi na nukta ya desimali. Njia hii haina asili nyingine ila vidole vya binadamu. Lau watu wangalizaliwa na vidole vinane, namba 3.14159 isingalionekana katika kitabu chochote. Njia ya pili haijali vidole hata kidogo. Seremala asiye na rula akitaka kulinganisha urefu wa ubao na urefu wa fimbo, huilaza fimbo juu ya ubao mara nyingi iwezekanavyo. Huenda ikaingia mara tatu, na kipande cha ubao kikabaki, kifupi kuliko fimbo. Kipande hicho hugeuzwa kuwa kipimo cha fimbo yenyewe. Huenda kikaingia mara saba, pakabaki kipande kingine kifupi zaidi, nacho hugeuzwa kuwa kipimo cha kile kilichokitangulia. Kazi huendelea hivyo hivyo mpaka pasibaki kitu, au, kama vipimo viwili havina kipimo cha pamoja, huendelea milele.

Euklidi aliiandika njia hii katika kitabu cha saba cha mafunzo yake, miaka 300 hivi kabla ya Masihi, kwa ajili ya kutafuta kigawo kikubwa cha namba mbili. Namba nzima zipatikanazo kila hatua, yaani 3, halafu 7, na zifuatazo, hapa zitaitwa hisa. Hisa hupangwa kama ngazi: ya kwanza, ongeza moja gawanya kwa ya pili, ambayo nayo imeongezwa moja gawanya kwa ya tatu, na kuendelea. Ngazi hiyo ndiyo sehemu ya mfululizo. Mtu akiikata popote hupata sehemu ya kawaida yenye kiasi na asili, na fadhila yake kubwa ni hii: hapana sehemu nyingine yenye asili isiyozidi ile iliyo karibu zaidi na namba inayotafutwa. Hisa za pai, yaani uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, huanza 3, 7, 15, 1, 292. Ngazi ikikatwa baada ya 7 hupatikana 22/7, ambayo kila mwanafunzi aijua. Ikikatwa kabla ya 292 hupatikana 355/113, ambayo ni sahihi hata tarakimu ya sita baada ya nukta.

Fadhila hiyo haikuwa ya vitabuni tu. Christiaan Huygens wa Uholanzi alibuni mashine ya kuonyesha mwendo wa sayari, ikaundwa na fundi wa saa Johannes van Ceulen mjini The Hague mwaka 1682. Kwa hesabu ya Huygens, mwendo wa dunia ulihusiana na mwendo wa Zohali kama 77,708,431 kwa 2,640,858. Hapana fundi awezaye kuchonga gurudumu lenye meno milioni mbili na zaidi. Huygens aligawanya namba hizo kwa njia ya Euklidi, akapata hisa 29, 2, 2, 1, 5 na nyinginezo, akaikata ngazi kabla ya ile 5, akapata 206 kwa 7. Maelezo yake yalichapwa mwaka 1703, miaka minane baada ya kufa kwake. Katika kazi ya Huygens namba zilikuwa nzima pande zote mbili, kwa hiyo kila hisa ilikuwa halali tangu ya kwanza hata ya mwisho. Mashaka huanza pale ambapo namba inayogawanywa haijulikani yote.

Desimali ya pai iliyoandikwa karatasini si pai. Ni jirani yake. Mtu akichukua 3.14159, ambayo upungufu wake haufiki sehemu tatu katika milioni moja, kisha akagawanya 314,159 kwa 100,000 kwa njia ya Euklidi bila kukosea hata mara moja, atapata hisa 3, 7, 15, 1, 25, 1, 7, 4, na hapo kazi itakwisha. Mahali pa 292 pamekaa 25. Akichukua 3.1416, kama ilivyo desturi ya kukadiria tarakimu ya mwisho, atapata 3, 7, 16, 11. Mgawanyaji hakukosea, kosa lilikuwamo ndani ya namba kabla ya kazi kuanza, likakua njiani.

Sababu ya kukua kwake ni rahisi kuieleza. Katika kila hatua baki hugeuzwa: moja hugawanywa kwa baki hilo, na kosa dogo lililomo ndani yake hukuzwa takribani kwa mraba wa namba inayotokea. Baki la kwanza la pai ni 0.14159, na kuligeuza hulikuza kosa mara 50. Baki linalofuata hulikuza mara 256. Lile la tatu halidhuru kitu. La nne, linaloleta 292, hulikuza zaidi ya mara 85,000. Hatua hizo nne zikizidishwa pamoja, kosa lililoanza kama chembe limekuzwa zaidi ya mara bilioni moja. Hisa kubwa, ambazo ndizo zifanyazo sehemu za mfululizo zipendeze kwa kuwa huleta makisio mazuri, ndizo hizo hizo zilazo tarakimu kwa pupa.

Dawa ya ugonjwa huu ilikuwa karibu tangu zamani. Zu Chongzhi, mtaalamu wa Uchina aliyeishi tangu 429 hata 500, hakusema tu kwamba pai ni kadha wa kadha. Historia ya nasaba ya Sui imehifadhi kwamba aliiwekea mipaka miwili: ni kubwa kuliko 3.1415926 na ni ndogo kuliko 3.1415927. Mipaka hiyo miwili ikitafutiwa hisa, wa chini hutoa 3, 7, 15, 1, 243; wa juu hutoa 3, 7, 15, 1, 354. Hisa ya tano haikubaliani, na ile ya kweli, 292, imo katikati. Lakini nne za kwanza ni zile zile pande zote mbili, na madhali pai imo kati ya mipaka hiyo, hapana budi nazo ziwe hisa zake. Ngazi ikikatwa hapo makubaliano yanapokoma hupatikana 355/113, nayo ndiyo sehemu ambayo historia hiyo hiyo yasema Zu aliitoa. Si lazima kudai kwamba alipita njia ya hisa. Yatosha kuona kwamba aliyeweka mipaka miwili alikuwa na kitu ambacho waandishi wengi wa baadaye, wenye tarakimu nyingi kuliko zake, hawakuwa nacho: alijua mahali ujuzi wake unapokoma.

Katika Ulaya shauku ya tarakimu ilikuwa kubwa kuliko shauku ya mipaka. Ludolph van Ceulen wa Leiden alitumia miaka mingi ya maisha yake akatafuta tarakimu 35 za pai, zikachongwa juu ya kaburi lake baada ya kufa kwake mwaka 1610. John Wallis wa Oxford, katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1685, alitoa hisa 34 za pai. Tarakimu 35 na hisa 34: ulinganifu huo wa namba mbili haukumshtua mtu yeyote wakati ule, na miaka karibu mia tatu ilipita kabla ya sababu yake kujulikana.

Kwa muda huo mifano ya hatari ilizidi kujikusanya, na mmoja wafaa kuelezwa kwa kirefu. Leonhard Euler alikuwa amegundua namba moja ya ajabu. Mtu akijumlisha moja, nusu, theluthi, robo na kuendelea, kisha akaondoa logaritimu asilia ya namba aliyofikia, tofauti hukaribia namba iliyo kidogo juu ya 0.577. Namba hiyo siku hizi huitwa gama. Mwaka 1790 Lorenzo Mascheroni wa Italia alichapisha tarakimu zake 32. Mwaka 1809 Johann Georg von Soldner wa Ujerumani alichapisha tarakimu 24, zikapingana na zile za Mascheroni tangu ya ishirini. Vitabu viwili, namba moja, majawabu mawili. Carl Friedrich Gauss, asiyependa shaka ikae nyumbani mwake, alimpa kazi kijana Friedrich Nicolai, akakokotoa tarakimu 40 mwaka 1812. Soldner ndiye aliyekuwa sahihi. Mascheroni alikuwa ameandika 181 katika nafasi ya 20, 21 na 22, ambapo palistahili 065.

Lakini jambo lenye mafunzo zaidi ni hili: tangu nafasi ya 23 tarakimu za Mascheroni zarudi kuwa sahihi, na zaendelea hivyo hata nafasi ya 30. Desimali husamehe. Tarakimu tatu zaweza kuharibika katikati ya msafara, na zilizo nyuma zikaendelea na safari kama kwamba hapakuwa na ajali. Sehemu za mfululizo hazina msamaha huo. Mtu aliyeigawanya namba ya Mascheroni kwa kuamini tarakimu zote 32 angalipata hisa ishirini hivi za kweli, kisha kila kilichofuata kingalikuwa cha namba nyingine, bila hata hisa moja kurejea njia kuu ila kwa bahati. Ndivyo ilivyo pia kwa Mwingereza William Shanks, ambaye mwaka 1873 alikamilisha tarakimu 707 za pai kwa mkono. Ya 528 ilikuwa na kosa, na baada yake zote zilipotea. Zilikaa bila kupingwa zaidi ya miaka sabini, hata zikaandikwa mwaka 1937 ukutani katika jumba la sayansi la Palais de la Découverte mjini Paris, mpaka D. F. Ferguson alipotangaza kosa hilo mwaka 1946. Ukuta ulisahihishwa mwaka 1949.

Msomaji aweza kuuliza: je, hisa za uongo hazijulikani kwa sura? Kwa namba fulani hujulikana. Hisa za kipeo cha pili cha 2 ni 1, kisha 2, 2, 2 bila kikomo. Zikivunjika, hata mtoto ataona. Hisa za namba e, msingi wa logaritimu asilia, Euler alizionyesha kuwa zina utaratibu: 2, 1, 2, 1, 1, 4, 1, 1, 6, 1, 1, 8, na kuendelea. Lakini pai na gama hazina utaratibu wowote uliokwisha kujulikana. Na hapa ndipo mtego ulipofichwa.

Mwaka 1812, katika barua kwa Laplace, Gauss alieleza jinsi hisa zinavyogawanyika katika namba iliyochukuliwa bila kuchagua. Uthibitisho kamili ulitolewa na Mrusi Kuzmin mwaka 1928. Katika kila hisa mia, karibu 41 au 42 huwa 1. Karibu 17 huwa 2. Karibu 9 huwa 3. Na kubwa huzidi kuwa adimu. Mrusi mwingine, Khinchin, alionyesha mwaka 1935 kwamba katika karibu namba zote wastani wa kijiometri wa hisa hukaribia namba moja ile ile, 2.685 na kidogo. Hizo ni sheria za umma wa namba, wala hapana aliyethibitisha kwamba pai ni mmoja wa umma huo. Watu huzikokotoa hisa zake kwa maelfu ili waone kama yaonekana kuzifuata. Sasa, hisa za uongo zatoka wapi? Zatoka katika namba nyingine iliyo jirani, ambayo aghalabu ni ya umma huo huo. Nazo basi zitakuwa na 1 arobaini na kitu katika mia, na 2 kumi na saba, na wastani wake utakaribia 2.685. Mchunguzi atakayejaribu kuzitambua kwa kuhesabu sura zao ataridhika kabisa, na atakuwa amedanganyika kabisa.

Kwa sababu hiyo ulinzi hauwezi kuwekwa mwishoni mwa kazi. Hapana budi uwekwe ndani yake. Mmarekani D. H. Lehmer aliandika mwaka 1938 juu ya njia ya Euklidi kwa namba kubwa mno. Nia yake ya kwanza ilikuwa kupunguza jasho, kwani kugawanya namba yenye mamia ya tarakimu kwa nyingine kama hiyo, tena mara mamia, ni kazi ya kuchosha hata kwa mashine. Lehmer aliona kwamba hisa kadhaa za mwanzo huamuliwa na tarakimu chache za mbele. Basi huchukuliwa tarakimu hizo chache, zikafanyiwa kazi mara mbili sambamba, mara moja kwa kupunja na mara moja kwa kuzidisha. Maadamu hesabu mbili zaleta hisa moja, hisa hiyo ni halali. Zikitofautiana, mfanyakazi husimama, hurudi kwenye namba kubwa, huchukua tarakimu nyingine, na kuendelea. Ile mipaka miwili ya Zu Chongzhi imekuwa sasa kanuni ya kazi ya kila siku.

Swali la bei ya hisa moja, yaani ni tarakimu ngapi ziliwazo kwa kila hisa, lilijibiwa na Gustav Lochs wa Innsbruck, Austria. Mwaka 1963 alichapisha hisa za pai zinazoweza kuthibitishwa kwa tarakimu elfu moja za desimali. Zilikuwa 968. Mwaka uliofuata alitoa sheria yenyewe: katika karibu namba zote, tarakimu nyingi za desimali huthibitisha hisa takribani 0.9703 kwa kila tarakimu moja. Kwa tarakimu elfu, sheria yasema 970. Pai ilitoa 968. Kwa 35 za van Ceulen, sheria yasema 34, na hizo ndizo hesabu za Wallis. Ukaribu wa tarakimu na hisa, ambao ulionekana kama siri ya maumbile, hauna siri yoyote: hisa moja hugharimu kwa wastani tarakimu moja na punje, kwa kuwa kumi, msingi wetu wa kuhesabia, imetukia kuwa karibu na 10.73, namba itokayo katika sheria za Gauss na wenziwe. Wenye vidole vinane wangalipata hisa 876 hivi kwa tarakimu elfu zao.

Sheria ya Lochs ni ya wastani, si ya hukumu. Yampa mtu makadirio ya mahali pa kusimama, lakini haimwambii kwamba hisa hii hapa ni ya kweli. Kazi hiyo hubaki kwa mipaka miwili.

Zilipokuja kompyuta, mambo haya yote yalipaswa kujifunzwa upya, kwa sababu kompyuta huficha mpaka ambao karatasi huudhihirisha. Aandikaye 3.14159 kwa kalamu huona kwa macho kwamba ameishia katika 9. Programu ya hesabu huonyesha pai kwa herufi moja ya Kiyunani, kana kwamba namba nzima imo ndani. Imo sehemu yake tu. Kwa kipimo kilichowekwa mwaka 1985 na kufuatwa na mashine karibu zote tangu hapo, namba ya kawaida ya kazi za sayansi huhifadhiwa kwa biti 53, ambazo ni sawa na tarakimu kumi na sita hivi za desimali. Kwa hakika kabisa, kile ambacho mashine huita pai ni sehemu hii: 884,279,719,003,555 gawanya kwa 281,474,976,710,656. Asili yake ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka kipeo cha 48.

Sehemu hiyo ikigawanywa kwa njia ya Euklidi, kwa namba nzima na bila kukadiria popote, hutoa hisa 27 na kukoma. Kumi na tatu za kwanza, tangu 3 hata 14, ni za pai: 3, 7, 15, 1, 292, 1, 1, 1, 2, 1, 3, 1, 14. Ya kumi na nne yapasa kuwa 2. Mashine husema 3. Tangu hapo hisa zote kumi na nne zilizosalia ni mali ya ile sehemu, si mali ya pai. Kwa biti 53 sheria ya Lochs ingeahidi hisa kumi na tano au zaidi kidogo. Pai imetoa pungufu kwa sababu ile 292 ilikuwa mlaji mkubwa. Kipeo cha pili cha 2, ambacho hisa zake ni ndogo na hazina ulafi, hustahimili hatua ishirini hivi kabla msafara wa 2 haujavunjika.

Hapo bado ni kwa mgawanyaji mwaminifu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka hufanya jambo baya zaidi: hutoa namba nzima, hugeuza baki kwa desimali, hukadiria, hurudia. Kila hatua huongeza kosa jipya juu ya lile la mwanzo, na kwa kuwa makadirio huzuia baki lisifike sifuri, programu haiishi kutoa hisa. Mtu akiomba hisa mia moja, atapewa mia moja, zimepangwa vizuri, za mwisho zikiwa na sura njema sawa na za kwanza. Robert Corless aliandika juu ya jambo hili mwaka 1992, akaonyesha kwamba hisa zitolewazo hivyo hazikosi mwenyewe kabisa: ipo namba halisi, jirani ya ile iliyokusudiwa, ambayo mwendo wake huandamana na mwendo wa mashine. Mashine basi haisemi upuuzi. Husema kweli ya mtu mwingine. Kwa anayechunguza tabia ya umma wa namba, hii ni faraja, maana takwimu zake zaweza kusimama. Kwa anayetaka habari za pai na si za jirani yake, haimsaidii neno.

Njia ya kuikataza mashine isiseme isilolijua iliandikwa mapema. Katika mkusanyo wa maarifa wa maabara ya chuo cha MIT wa mwaka 1972, ujulikanao kama HAKMEM, R. W. Gosper alieleza jinsi ya kujumlisha na kuzidisha sehemu za mfululizo hisa kwa hisa, bila kupitia desimali. Msingi wa njia yake ni subira: hisa ya jawabu haitolewi mpaka thamani zote ziwezekanazo za kile kisichosomwa bado zikubaliane juu yake. Zisipokubaliana, mashine husoma zaidi. Mwaka 1985 Gosper mwenyewe alipata tarakimu 17,526,200 za pai, na hisa zake zilizidi 17,000,000. Anayetaka aweza kuzidisha namba ya kwanza kwa 0.9703 aone jinsi Lochs alivyoona mbali.

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni mashindano ya wapenda namba ndefu. Gama yaonyesha sivyo. Juu ya pai, Johann Heinrich Lambert alithibitisha katika karne ya 18 kwamba haiwezi kuwa sehemu ya namba mbili nzima. Juu ya gama hapana uthibitisho wa namna hiyo, ijapokuwa yajulikana tangu siku za Euler. Ikiwa gama ni sehemu, hisa zake lazima ziishe, kwa kuwa njia ya Euklidi huisha daima kwa namba nzima mbili. Zikikokotolewa hisa nyingi za kweli wala zisiishe, hupatikana jambo lenye uzito wa uthibitisho: kama gama ni sehemu, asili yake haiwezi kuwa ndogo kuliko kadha.

Richard Brent wa Australia alifanya kazi hiyo mwaka 1977. Kwanza alikokotoa tarakimu 20,700 za gama, kisha akatoa hisa 20,000. Tofauti ya mia saba haikuwa ubahili. Kwa sheria ya Lochs hisa 20,000 zahitaji tarakimu 20,600 na kidogo, na zilizozidi ni akiba ya msafiri asiyetaka kuishiwa maji njiani. Hitimisho lake lilikuwa kwamba, kama gama ni sehemu, asili yake inazidi kumi kwa kipeo cha 10,000.

Uzito wote wa maneno hayo umekaa juu ya uhalali wa hisa. Jaribio lile lile likifanywa juu ya pai kwa biti 53 na kuaminiwa lote, litaleta hisa 27 na kukoma, na mwenye kuamini atalazimika kutangaza kwamba pai ni sehemu yenye asili ya tarakimu kumi na tano, kinyume cha Lambert. Na likifanywa kwa programu ile isiyokoma, atatangaza juu ya namba yoyote ile, hata nusu na robo zilizochafuliwa kidogo na makadirio, kwamba si sehemu. Kosa la kwanza huthibitisha uongo mmoja, la pili kinyume chake, na yote mawili hutoka katika mashine moja kwa asubuhi moja.

Mwaka 1980 Brent, pamoja na Edwin McMillan wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1951, alirudia kazi hiyo kwa njia mpya na kwa tarakimu 30,100. Hisa hazikuisha. Asili ya gama, kama ipo, ilisukumwa mpaka juu ya kumi kwa kipeo cha 15,000: namba ambayo ikiandikwa kwa tarakimu zake zote ingejaza kurasa kadhaa za jarida kama hili. Baadaye wengine wameisukuma mbali zaidi, na swali la kama asili hiyo ipo au haipo bado halijapata jawabu.